Kusaidiwa na Kunyang'anywa: Serikali Ishikapo Maji ya Jumuiya

Katika mikutano ya vijiji, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, husikika mara nyingi mabishano juu ya maji. Mradi umekufa, bomba limepasuka, fedha za kilula hazijulikani ziliko, na watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema, "Serikali na ije iuchukue mradi huu, sisi umetushinda." Kundi la pili lajibu, "Hii ni mali yetu. Mitaro tulichimba kwa mikono yetu. Wakija wakubwa hatutawaona tena ila siku ya kudai ankara."

Mabishano hayo si ya mafundi peke yao. Ndani yake mna swali la haki na wajibu. Je, jumuiya inaposhindwa kujipatia maji safi na kuyaondoa maji machafu, ni halali Serikali iingie na kushika usukani? Na ikiwa ni halali, ni kwa masharti gani? Swali hili halifai kujibiwa kwa hasira wala kwa ushabiki. Tulichunguze taratibu, kwa mifano ya mambo yaliyotokea kweli.

Tuanze na wale wasemao kwamba maji ya kijiji ni ya wanakijiji, na mtu wa nje hana neno. Neno hili lina heshima yake, lakini halitoshi, kwa sababu maji hayakai mahali pamoja. Uchafu wa jirani wa juu ndio kinywaji cha jirani wa chini.

Mwaka 1854 katika mji wa London, mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa majuma machache. Daktari mmoja, John Snow, alihesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimekizunguka kisima kimoja cha pampu katika barabara iliyoitwa Broad Street. Tarehe 8 Septemba, kwa kibali cha halmashauri ya parokia ya Mtakatifu Yakobo, mpini wa pampu ile ukang'olewa. Huenda ikatupendeza kujua kwamba aliyeikamilisha kazi ya daktari yule alikuwa kasisi msaidizi wa Kanisa la Uingereza, Henry Whitehead, aliyehudumu katika mtaa uo huo. Mwanzoni hakuamini habari ya kisima, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba ili amkanushe daktari. Lakini kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kusadiki. Mwishowe akagundua kwamba maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mmoja mgonjwa yalimwagwa katika shimo la maji machafu lililokuwa karibu sana na kisima, na kuta za shimo lile zilikuwa zimeoza.

Tazama jambo hilo. Mama yule hakutenda kosa lolote. Alifanya alivyofanya kila mama. Wala watu wa mtaa hawakuwa wavivu. Walikipenda kisima chao, na walisifu ladha ya maji yake. Hata hivyo mpini uling'olewa, na ilikuwa haki kuung'oa. Miaka minne baadaye, mwaka 1858, mto Thames ulipotoa harufu isiyovumilika, Bunge lenyewe liliipa bodi moja ya mji mzima uwezo na fedha za kujenga mifereji mikubwa ya majitaka chini ya mhandisi Joseph Bazalgette. Hakuna mtaa mmoja ambao ungeweza kazi hiyo peke yake. Basi hoja ya kwanza yasimama: pale ambapo madhara yanavuka mpaka wa jumuiya, au kazi inazidi kimo chake, mkono mkubwa zaidi una haki ya kuingia. Zaidi ya haki, una wajibu.

Lakini tusikimbilie kumaliza. Tuitazame nchi yetu wenyewe.

Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanzania iliamua, kwa nia njema kabisa, kwamba maji yasiwe mzigo kwa mwananchi wa kijijini. Katika miaka ya 1960 ilichukua gharama za kujenga miradi, na ilipofika miaka ya 1970 ilikuwa imechukua hata gharama za kuiendesha. Mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa miaka 20, shabaha yake kila mwananchi wa kijijini apate maji safi si mbali na nyumba yake kabla ya mwaka 1991 kwisha. Wafadhili walijitokeza, wakagawana mikoa: Waswidi kandokando ya Ziwa Viktoria, Wadenishi huko Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini huko Mtwara na Lindi. Visima vilichimbwa, matangi yakajengwa, na akina mama wengi walitua ndoo ambazo bibi zao hawakuzitua maisha yao yote. Asiyetaja jema hilo anadhulumu.

Mwaka 1991 ulipofika, hata hivyo, shabaha ilikuwa mbali sana. Na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi vizuri. Kwa nini? Wengine husema upesi, "Watu wetu wamezoea bure." Nadhani hukumu hiyo si ya haki. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikula hazina. Injini za dizeli zilinyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri. Tena mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, zisirudi mpaka miaka ya 1980, na hivyo chombo cha karibu ambacho mwanakijiji angeweza kukililia kikawa hakipo.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya ndani zaidi. Nilipokuwa nikifundisha kusini, kijana niliyetoka chuo cha ualimu juzijuzi, palikuwa na kijiji ambacho pampu yake ya mkono ilisimama kwa misimu miwili. Kilichoharibika kilikuwa kipira cha ndani, kitu cha kutia mfukoni. Vijana wa kijiji kile walijua kutengeneza baiskeli, cherehani na hata bunduki za kienyeji. Nilipowauliza kwa nini hawaigusi pampu, mzee mmoja alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, ile si yetu. Wenyewe watakuja." Na wenyewe hawakuja. Watu wakarudi kwenye madimbwi ya bondeni.

Jibu la mzee yule halikuwa la uvivu. Lilikuwa la mtu mwaminifu asiyegusa mali ya mwingine. Hakuulizwa kisima kichimbwe wapi, hakuchangia hata siku moja ya kazi, hakuonyeshwa namna ya kuifungua. Je, ingekuwaje ajione mwenye mali? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu huziba ufa wa nyumba yake, si wa nyumba ya mgeni.

Linganisha na mifongo ya Wachagga, mifereji ile iliyoteremsha maji ya Kilimanjaro mpaka mashambani kwa vizazi vingi kabla ya Mjerumani kufika. Au ndiva za Upare, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yagawanywe mchana. Huko palikuwa na wasimamizi waliojulikana kwa majina, zamu zilizojulikana, siku za kusafisha zilizojulikana, na faini kwa asiyetokea. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Wanawake mara nyingi hawakuwa na sauti katika mgawo, na maji yale hayakupimwa vijidudu. Lakini hakuna aliyesema "wenyewe watakuja."

Basi hapa tunapata hoja ya pili, ambayo yaelekea kupingana na ile ya kwanza: msaada unaomwondolea mtu kazi yote humwondolea pia umiliki wake. Mtume Paulo, katika sura ya mwisho ya waraka wake kwa Wagalatia, awaagiza Wakristo kuchukuliana mizigo, na aya chache baadaye asema kwamba kila mmoja ana furushi lake mwenyewe. Wengi hudhani anajipinga. La hasha. Upo mzigo uliozidi kimo cha mtu, nao twapaswa kusaidiana. Na lipo furushi ambalo ni la mtu mwenyewe, na ukimpokonya humsaidii ila wamfanya mtoto. Hekima yote iko katika kutambua lipi ni lipi.

Sasa yupo atakayeniambia, "Mwalimu, hayo ni ya nchi maskini. Palipo na wataalamu na fedha, Serikali ikishika mambo yatakwenda." Namjibu kwa mfano wa Flint, mji ulio katika jimbo la Michigan, Marekani.

Mwaka 1960 Flint ulikuwa na watu karibu 200,000, wengi wakitegemea viwanda vya magari. Viwanda vilipofungwa watu walihama, hata ikafika mwaka 2010 wamebaki laki moja hivi. Mabomba hayakuhama. Urefu wake ulibaki uleule, na walipaji wakawa nusu, tena maskini. Mji ukaelemewa na madeni. Mwaka 2011 Gavana wa jimbo alimteua msimamizi wa dharura, mwenye mamlaka kuliko Meya na baraza la mji. Mwaka uliofuata wananchi wa Michigan walipiga kura kuifuta sheria iliyoruhusu jambo hilo. Kabla mwaka haujaisha jimbo likatunga nyingine inayofanana nayo.

Mwezi Aprili 2014, ili kupunguza gharama, Flint uliacha kununua maji ya Detroit, ukaanza kuchota mto wake wenyewe. Maji yale yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa. Risasi iliyokuwa ndani ya mabomba ya zamani ikaanza kuyeyuka na kuingia vikombeni. Watu walileta mikutanoni chupa za maji ya rangi ya chai. Walionyesha vipele vya watoto wao. Wakaambiwa maji ni salama. Mwezi Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia kwa kuwa yalikuwa yakila vyuma. Watoto wakaendelea kuyanywa. Mwezi Machi 2015 baraza la mji lilipiga kura 7 kwa 1 kurudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi akakataa, akitaja gharama. Ni mpaka daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipoonyesha mwezi Septemba kwamba risasi imezidi katika damu ya watoto, ndipo mji ukarudishwa kwenye maji ya zamani mwezi Oktoba. Katika muda huohuo ugonjwa wa mapafu uletwao na vijidudu vya majini uliua watu wasiopungua 12. Kamati iliyoteuliwa na Gavana mwenyewe ilisema mwaka 2016 kwamba lawama kubwa ni ya idara ya mazingira ya jimbo, na kwamba wasimamizi wa dharura nao wana sehemu yao. Fidia iliyoidhinishwa mwaka 2021 ilikuwa dola milioni 626. Akiba iliyotafutwa mwanzoni, ukiilinganisha nayo, ni vumbi.

Ni nini kilichokosekana Flint? Wahandisi walikuwapo, maabara zilikuwapo, sheria za maji safi zilikuwapo. Kilichokosekana ni kwamba mwenye kuamua hakuwa mwenye kunywa, wala hakuwajibika kwa wenye kunywa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyeshika chupa ya maji ya kahawia alikuwa na habari iliyo kweli kuliko taarifa ya mtaalamu, lakini kura yake ilikuwa imetiwa kabatini. Twadhani sauti ya wananchi ni pambo la siasa, kitu cha kuwekwa kando wakati wa dharura ili kazi iende mbio. Flint yatufundisha kwamba sauti ile ni chombo cha kupimia, kama dira ya maji ilivyo. Ukiing'oa, hujui tena kinachopita ndani ya bomba.

Je, basi Serikali isiingie kamwe? Hapana. Mwezi Agosti 2022, katika mji wa Jackson, Mississippi, mtambo mkuu wa maji ulishindwa baada ya mafuriko, na watu wapata 150,000 wakakosa maji salama. Mji ule, kama Flint, ulikuwa umepungukiwa na watu na fedha, na majitaka yake yalikuwa yakimwagika ovyo kwa miaka. Mahakama ya nchi ilimweka msimamizi mwezi Novemba mwaka ule. Mwaka 2023 akaongezewa na majitaka. Tofauti na Flint ni kwamba safari hii Bunge la nchi lilitenga dola milioni 600, na msimamizi akawajibika kutoa taarifa mahakamani. Hata hivyo vyama vya wakazi viliomba navyo visikilizwe mahakamani, visiwe watazamaji katika mji wao. Walikuwa na haki. Kupewa fedha ni jambo moja. Kuulizwa ni jingine.

Sasa turudi nyumbani. Tangu Julai 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo, maji ya vijijini yamo chini ya wakala wa Serikali, RUWASA. Wahandisi waliokuwa wa halmashauri za wilaya wakawa wa wakala, ulio chini ya Wizara ya Maji. Na vijijini vikawekwa vyombo vya watumia maji vya kuendesha miradi kila siku. Twaweza kuona nia iliyomo: utaalamu uwe mkubwa, mkono wa kufungua koki uwe wa karibu. Ni njia ya katikati, nami naiona njema. Lakini njia ya katikati huweza kuharibika pande zote mbili. Wakala ukikifanya chombo cha kijiji kuwa tarishi wake, tumerudi kwa "wenyewe watakuja." Chombo cha kijiji kikijificha nyuma ya wakala, hakuna atakayejibu fedha za kilula zimekwenda wapi.

Kwa hiyo napendekeza maswali manne ya kupimia kila uingiliaji, uwe wa Serikali, wa mfadhili, au hata wa Kanisa.

La kwanza: jumuiya imeshindwa, au imekataa? Kijiji cha wajane na wazee, chenye kisima cha kina kirefu, kimeshindwa. Kukidai gharama zote ni kukitwisha lisilobebeka. Kijiji chenye fedha za mavuno na ngoma lakini hakina shilingi ya kipuri, kimekataa. Kukilipia ni kukipumbaza.

La pili: anayeingia amekuja na nini? Akija na amri bila fedha wala ufundi, amekuja kutawala. Flint ilipewa msimamizi, haikupewa mabomba.

La tatu: baada ya kuingia, wananchi wanaweza kumwuliza nani, na atajibu lini? Kama hakuna jina wala siku, kitu kimekwisha nyang'anywa, hata kikiitwa msaada.

La nne: atatoka lini, na ataacha nini mikononi mwa watu? Mwalimu mwema hujua siku ya kumwachia mtoto chaki. Asiyetaka kuiachia hafundishi, anajifurahisha.

Najua nitapingwa. Atasema mmoja, "Kipindupindu hakingoji mkutano wa kijiji." Ni kweli. Mwaka 2015, kilipozuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, hapakuwa na nafasi ya maneno mengi. Mpini ung'olewe kwanza, maswali yafuate. Lakini yafuate kweli, yasisahauliwe. Maana dharura ina tabia ya kujenga nyumba na kukaa. Flint ilikuwa chini ya wasimamizi wa dharura kwa zaidi ya miaka mitatu.

Atasema mwingine, "Wananchi wenyewe ndio walioiba." Hili nalo ni kweli mahali pengi, na ni aibu yetu. Mtunza hazina wa kamati ya maji akila fedha za kilula, anayelala na kiu ni mama mwenye mtoto mgongoni, tena jirani yake. Lakini dawa ya mwizi ni hesabu kusomwa hadharani na mwizi kuondolewa. Kumwondoa mwizi pamoja na haki ya kijiji kizima ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sehemu yetu ni ipi? Ni ndogo, na haina sifa. Mkutano wa watumia maji ukiitwa, tuhudhurie, tusiuachie watu watano. Tuombe hesabu zisomwe kwa sauti, mapato na matumizi, hata kama msomaji ni shemeji yetu. Tulipe tunachopaswa, na yule asiyeweza tukubaliane hadharani kumsamehe, asilazimike kuomba kwa siri. Karo la nyumba yetu likivuja tulizibe kabla Bwana Afya hajafika, kwa maana anayekunywa chini ya kilima hana habari nasi. Na mhandisi wa Serikali akija, tumkaribishe kwa heshima, tumpe kiti, kisha tumwulize maswali yale manne. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu tumpe jembe, nasi tulishike la kwetu, tuchimbe mtaro pamoja.